Rangi Hupakwa kwa Nyuma

Kwenye kazi yangu, unachokiweka kwanza ndicho kinachoonekana mbele, na ukikosea huwezi kukifuta bila kufuta vyote vilivyokuja juu yake. Ninatengeneza vibao vya maduka vya plastiki angavu, vile vinavyotiwa taa ndani. Rangi hupakwa kwa nyuma ili mvua na vidole vya watu visiifikie. Kwa hiyo herufi zote naziandika kinyume, kutoka kulia kwenda kushoto, na baada ya miaka ishirini na miwili mkono wangu umezoea hivyo hata nje ya kazi. Nikiandika orodha ya sokoni kwa haraka, watu hunirudishia karatasi wakicheka. Waache wacheke. Kibao cha duka la dawa la mtaani kwetu nilikiandika mimi kabla muuzaji wake hajaota ndevu, na mpaka leo rangi yake haijachubuka.

Nayasema haya mapema kwa sababu bila kuyajua huwezi kuelewa ilikuwaje nikamwekea mdogo wangu kovu upande usio wake.

Mdogo wangu aliondoka miaka tisa iliyopita kwenda kutafuta kazi nchi nyingine. Miaka miwili ya mwanzo alipiga simu kila Jumapili. Mwaka wa tatu alipiga mara nne. Kisha namba ikawa haipatikani, na haijapatikana tena. Siku anaondoka, mama alichukua albamu ya picha, ya nyumba nzima, akaifunga kwenye kitambaa na kuitia ndani ya begi lake. "Uwe nayo," alimwambia, "usije ukatusahau." Hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kwamba watakaohitaji kukumbushwa ni sisi.

Halafu kuna mlango. Ni mlango wetu wa mbele, wa mbao, na sehemu ya juu ulikuwa na kioo mpaka kilipovunjika tukaziba kwa kipande cha boksi. Tangu mwaka ule alioondoka, mlango umekuwa mkorofi. Hata kama haujafungwa, anayeusukuma kwa mkono huona kama umekomewa. Lazima uutie bega. Seremala ameupiga randa mara mbili, akatuambia tatizo si mlango, ni nyumba inayolala upande. Sisi tumeshazoea, lakini wageni hubisha, husukuma kidogo, huenda zao.

Hilo ndilo lililomkaa mama rohoni. "Huenda alikuja siku tuliyokuwa sokoni," alikuwa akisema. "Akasukuma, akaona umefungwa, akarudi alikotoka."

"Angeuliza majirani, mama."

"Huyo aulize? Huyo ana kiburi kama chako."

Basi akahamisha kiti chake, akakielekeza mlangoni, na hapo ndipo alipokaa miaka yote. Alimenya viazi akiutazama mlango. Alinisikiliza habari za kazi akiutazama mlango. Wahenga wanasema asiyekuwepo na lake halipo, lakini wahenga hawakufika nyumbani kwetu. Kwetu asiyekuwepo ndiye aliyekuwa na kikombe chake kisichotumiwa na mtu, kitanda chake kilichotandikwa, na macho ya mama. Mimi niliyekuwepo nilikuwa mtu wa kupita. Sifichi, nilimwonea wivu. Na wakati huohuo nilimtaka arudi, na nilikuwa nikisikia mtu akikohoa barabarani kama yeye, naacha brashi na kutoka nje kuangalia.

Mwaka huu daktari wa macho alituita ndani sote wawili, mimi na mama, akafunga mlango wake. Ni presha ya macho, alisema, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Mama alikuwa amebakiwa na mwanga, na rangi pia, kama nyuma ya hiyo rangi kuna taa au jua. Hata hicho kingekwisha baada ya miezi michache. Mama alimshukuru kwa adabu. Tulipokuwa tunatembea kurudi nyumbani, amenishika mkono, akasema polepole, "Ningependa nimwone mdogo wako kabla hayajafunga kabisa."

Nilikaa karakana siku nzima bila kushika kazi. Picha hatuna, na hata tungekuwa nayo asingeiona. Lakini vidole anavyo, na rangi yenye taa nyuma anaiona. Nikajiambia nitamtengenezea uso wa plastiki angavu, ulioumuka kama uso wa mtu, mbele aupapase na nyuma niupake rangi, kisha niuwashie taa. Ubaya ni kwamba sikuwahi kufanya kitu cha namna hiyo. Vibao vyangu vyote ni bapa.

Ili plastiki ishike umbo lazima uilainishe kwa moto na kuilaza juu ya kalibu, yaani umbo gumu itakaloliiga. Moto niliupata kwa jirani yetu mwokaji mikate. Tunamwita Hamira kwa sababu huumuka haraka, ingawa hushuka haraka vilevile. Alikubali nitumie tanuri lake asubuhi akishatoa mikate. "Lakini dada fundi, mkate wangu mmoja tu ukinuka plastiki, utaila mikate yote, mpaka ile ya wiki ijayo," alisema.

Kalibu ilikuwa shida zaidi. Uso wa mdogo wangu ningeupata wapi? Ndipo nikakumbuka kwamba tangu utotoni watu walikuwa wakitufananisha, hata walimu walimwita kwa jina langu. Nikajipaka mafuta ya mgando usoni, nikatia mirija miwili puani, nikalala kwenye benchi la Hamira, naye akanimwagia plasta, ile nyeupe wanayofungia waliovunjika mifupa. Muda wote akawa ananisimulia vichekesho, kwa makusudi, akijua siwezi kucheka. Ilipokauka ikatoka kama bakuli lenye uso wangu kwa ndani. Humo nikamimina plasta nyingine, na nilipoitoa nikawa nimeshika uso wangu mwenyewe, mweupe, macho yamefumbwa. Nikachukua kisu nikaanza kuugeuza uwe wake. Pua nikaipunguza, taya nikaliongeza. Mwisho nikachonga lile kovu la kwenye nyusi.

Kovu lile nilimtia mimi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, najifunza herufi kwenye ubao, naye wa miaka saba akapita juu yake na miguu yenye tope. Nikamrushia mfuniko wa kopo la rangi. Sikukusudia umpate, na kila nilipolisema hilo alikuwa akinijibu, "Ungekusudia ungenikosa." Kweli, sina shabaha.

Kipande cha kwanza cha plastiki nilikiacha tanurini muda mrefu kikatoa mapovu. Cha pili nilikiwahi, kikapasuka juu ya kalibu kwa mlio uliomfanya Hamira alale chini sakafuni. Cha tatu kilitoboka puani. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," Hamira alinifariji, huku akipangusa unga magotini. "Ila likivunjika tanuri langu, huo ni mwisho wako."

Cha nne kilikubali. Kililegea kama unga uliokandwa vizuri, nikakishusha juu ya uso wa plasta pamoja na fremu yake, nikakikandamiza kwa matambara mabichi mpaka kikapoa. Nilipokiinua kuelekea dirishani palikuwa na uso usio na rangi, na nilimwona muuza mkaa wa ng'ambo ya barabara akipita katikati ya paji lake.

Kupaka nilitumia siku nne. Kitu cha kwanza kabisa ni ule mng'ao wa kwenye macho, vitone viwili vyeupe, niliviweka kwa ncha ya njiti ya kiberiti. Kisha mboni, kope, nyusi, midomo, halafu ngozi tabaka kwa tabaka, na mwisho kabisa nyeupe ya kufunikia mgongo mzima. Upande wa mbele niliutazama kwa kioo nilichokilaza chini ya meza. Nikamwona anatokea kidogokidogo, ananitazama kutoka sakafuni, na mara mbili nililazimika kuweka brashi chini nijikaze kwanza.

Nilimletea mama, nikawasha balbu nyuma yake. Alisogea karibu sana, kisha akaleta vidole. Alipita kwenye paji, mashavuni, puani, kidevuni, bila haraka.

"Siye," alisema.

"Nini kimekosekana?"

"Pua si yake."

Nikarudi kuchonga pua. Nikakata kipande kingine, nikamvumilia Hamira na maneno yake, nikapaka siku nne nyingine. Safari hii mama alisema taya. Nikarudia. Uso wa tatu nilimletea nikiwa na uhakika, mikono imenibabuka kwa plastiki ya moto. Aliupapasa mara moja tu, akaiweka mikono yake mapajani.

"Siye, mwanangu."

Mimi sina subira na sijawahi kudai kwamba ninayo. Nilimwambia nimeacha vibao vitatu vya watu bila kuvigusa, kwamba nanuka plastiki hata nikioga, na kwamba kama mdogo wangu ndiye angekuwa amebaki na mimi nimeondoka, asingenichonga hata kwa tope. Mama aliniacha nimalize. Kisha akauliza, "Kovu umeliweka upande gani?"

"Kushoto kwake. Lilipo."

"Liko kulia."

"Kushoto, mama. Nilimtia mimi, nitasahau?"

"Aliposimama mbele yangu akivuja damu," mama alisema, "nilimshika kichwa kwa mkono huu wa kushoto, kidole gumba kikaziba jeraha mpaka damu ikakata. Nakumbuka ni wa kushoto kwa sababu huu wa kulia ulikuwa umekukamata wewe usikimbie."

Nilinyanyua mkono wangu wa kushoto, nikauelekeza kwenye uso ule wa plastiki. Kidole gumba kilienda chenyewe kwenye nyusi yake ya kulia, na hapo hapakuwa na kovu. Mazoea yana taabu. Rangi ndiyo hugeuzwa, kwa kuwa inapakwa kwa nyuma. Kalibu huchongwa kama mtu mwenyewe alivyo. Mimi nilichonga kama ninayeandika kibao, kinyume, mara tatu bila kujiuliza. Hayo yangevumilika. Kilichonitisha ni kwamba hata kichwani mwangu kovu lilikuwa limehamia kushoto. Nilikuwa tayari kuapa. Mwaka mwingine au miwili, nikawaza, na pua nayo itahama, na sauti, na sitakuwa na mtu wa kunisahihisha.

"Nitalirekebisha," nilisema. "Kimebaki kipande kimoja cha unene huu. Nikikosa hapo mzigo mwingine hauji mpaka baada ya mvua." Sote wawili tulijua macho yake yasingesubiri mvua ziishe.

"Kalibu ulichonga juu ya uso wa nani?" mama akauliza.

"Wangu."

"Nilijua. Tangu uso wa kwanza."

"Sasa kwa nini usiseme? Umeniacha nahangaika wiki nne."

"Nilisema. Nilisema siye. Sikusema sikumpenda niliyemshika." Alivuta kiti chake karibu na changu, na hicho kilikuwa kitu kigeni kwa kiti kile. "Mdogo wako nimemshika kwa mikono hii, hata giza likiingia ninaye. Wewe ndiye sikupata kukutazama. Miaka tisa nautazama mlango, nawe unaingia na kutoka kwa mlango huohuo, na leo ukiniuliza una uso gani, nitakueleza wa msichana. Hicho kipande kilichobaki, nifanyie wewe."

Ningependa kusema nilifurahi. Nilikasirika kwanza. Nilimwambia haiwezekani, kwamba aliomba kumwona yeye, kwamba nikitumia kipande cha mwisho kwa ajili yangu nitakuwa nimemwibia. Nilikuwa nimeingoja kauli ile miaka tisa, na ilipokuja nilitaka kuikimbia. Mama akasema, "Haya, nimesikia. Taa iliyobaki machoni ni yangu, nami ndiye ninayesema nitaitumia kutazama nini." Kisha akaomba maji ya kunywa, kama kwamba tulikuwa tunazungumzia viazi.

Lile bakuli la plasta nililovuliwa usoni nilikuwa bado ninalo. Nikamimina uso mpya, na huu sikuugusa kwa kisu. Hamira alichochea tanuri mwenyewe siku hiyo, akanyamaza kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, na kipande cha mwisho kikalala juu ya uso wangu bila kasoro.

Nilikwama kwenye rangi, tena mwanzo kabisa, kwenye vile vitone viwili vya macho. Nilijitazama kwenye kioo nikaona macho ya mtu aliyechoka, hayana mng'ao wa kuweka. Hamira, aliyekuja kuleta mkate, akaniuliza kulikoni, nikamwambia.

"Ukigombana na mimi yanang'aa sana," alisema. "Nikutukanie kazi?"

"Thubutu."

"Hayo hapo. Paka upesi."

Nikapaka upesi.

Mama hakutaka uso ule uwekwe kwenye kisanduku cha taa. Alitaka mlangoni, pale penye boksi, kwa sababu ndiko macho yake yalikozoea kwenda na kwa sababu jua la asubuhi huingia upande huo. Kabla ya kuutia kwenye mbao niliugeuza mgongo, utakaotazama nje. Ulikuwa mweupe mtupu, na chini ya kidevu palibaki ukingo mpana ulio bapa. Nikamfikiria amesimama pale na begi lake na albamu yetu, amesukuma kwa mkono, anaona umefungwa. Nikachovya brashi kwenye rangi nyeusi. Herufi ya kwanza iliniponyoka kinyume, nikaifuta kwa tambara. Kisha nikaandika polepole kutoka kushoto kwenda kulia, kama mtoto wa shule.

Asubuhi iliyofuata nilimleta mama kwenye kiti chake. Jua lilikuwa limeshapanda juu ya paa la duka la dawa, likagonga mlango, na uso wangu ukawaka, mkubwa kama ulivyo, umemwelekea. Alikaa akiutazama kwa muda mrefu. Sijui aliona kiasi gani, na sikuthubutu kuuliza. Kisha akaniomba nimnyanyue, tukasogea mpaka mlangoni, akaupapasa.

"Umekunja hapa katikati ya nyusi," alisema. "Tangu lini?"

"Plasta ilikuwa inawasha."

"Mwongo." Vidole vilishuka kwenye mashavu na mdomo. "Umekuwa mtu mzima, na mimi nimekaa hapahapa." Akainama kidogo. "Kuna kitu cheusi chini ya kidevu. Nini hicho?"

"Maandishi. Yako upande wa nje."

"Yanasemaje?"

"Sukuma kwa bega. Haujafungwa."

Nje mtu alipita akikohoa, na sote wawili tulisikiliza nyayo zake mpaka zikaisha.

"Yanasomeka?" akauliza.

"Yanasomeka, mama. Safari hii sikuandika kinyume."

Aliitikia kwa kichwa. Mkono wake wa kushoto ukapanda tena juu ya uso wangu ule wa plastiki, kidole gumba kikatulia kwenye nyusi ya kulia, pale ambapo mimi sina kovu. Na mkono wake wa kulia ulikuwa umenishika kifundo cha mkono, kwa nguvu, kama siku ile, nisikimbie.